Mkweche wa pauni 110 uliozaa McLaren

WENGI wetu tunaofuatilia soka tunaijua McLaren kwa macho tu. Ni yale magari ya rangi ya papai yanayopita kwenye runinga Jumapili, dakika chache kabla hujabadili chaneli kutafuta mechi. Ukiulizwa McLaren ni nini, utasema ni timu ya Formula One, au utasema ni gari la bei mbaya ambalo mastaa wa Ulaya wanaliegesha nje ya uwanja wa mazoezi.

Wachache wanajua kuwa McLaren ni jina la mtu. Na kabla ya kiwanda, makombe na mamilioni, kulikuwa na baba mwenye gereji, mtoto wa kiume anayechechemea, na mkweche mmoja wa mashindano uliofika nyumbani ukiwa vipande vipande.

Leo tuuweke mpira pembeni kidogo. Hii ni stori ya Bruce McLaren, na ukiisoma hadi mwisho utaona kuwa haiko mbali sana na stori za vijana wengi wanaocheza pekupeku huku wakiota mambo makubwa.

MTOTO WA SHELI

Bruce Leslie McLaren alizaliwa Agosti 30, 1937 jijini Auckland, New Zealand. Baba yake, Les McLaren, alikuwa na kituo cha mafuta chenye gereji katika mtaa wa Remuera. Mama yake aliitwa Ruth. Dogo alikua akinusa petroli na grisi kabla hajajua kusoma.

Mzee Les hakuwa fundi wa kawaida. Ujanani alikuwa mwendesha pikipiki za mashindano, baadaye akahamia kwenye magari. Kwa hiyo kwenye ile familia, habari za mbio zilikuwa kama habari za Simba na Yanga kwenye nyumba nyingi za kwetu. Huzitafuti, unazikuta zinakusubiri.

New Zealand ni nchi ya raga. Mtoto wa kiume kule anazaliwa na mpira wa raga mkononi. Lakini Bruce alipofikisha miaka tisa, mambo yaligeuka ghafla. Alianza kuchechemea na kulalamika maumivu ya nyonga ya kushoto. Madaktari wakagundua ana ugonjwa wa Perthes, ambao unazuia damu kufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa unaanza kulika.

Akapelekwa kwenye nyumba ya watoto wenye ulemavu ya Wilson Home, Takapuna. Kule alikaa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo akiwa amelazwa chali, amefungwa kwenye fremu yenye magurudumu, miguu ikivutwa kwa uzito ili nyonga ipone. Fikiria mtoto wa miaka tisa, damu inachemka, anaambiwa alale hivyo hivyo miezi na miezi.

Alipotoka, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Alichechemea hadi siku anakufa. Raga ikawa imeishia hapo.

Kwa lugha yetu ya viwanjani, dogo alikuwa ameumia kabla hata ya kusajiliwa.

GARI LINAKUJA KWA VIPANDE

Mwaka 1952, Bruce akiwa na miaka 14, Mzee Les alinunua gari aina ya Austin 7 Ulster la mwaka 1929. Bei ilikuwa pauni 110. Gari lenyewe lilikuwa na miaka zaidi ya 20 na halikuwa zima. Lilikuwa limefunguliwa, hivyo alichonunua mzee ni rundo la vyuma.

Hesabu ya Mzee Les ilikuwa ya kibiashara. Alifungeni, alipake rangi, aliuze kwa faida. Kila mwenye gereji anaijua hesabu hiyo. Dogo yeye alikuwa na hesabu tofauti kabisa.

Kwa faida ya wasiolijua, Austin 7 lilikuwa gari dogo la Kiingereza lililotengenezwa ili mtu wa kawaida naye amiliki gari. Ulster lilikuwa ni toleo lake la mashindano. Lilikuwa jembamba, jepesi, limekaa chini, halina paa, na kioo cha mbele ni cha kubahatisha. Injini yake ilikuwa ya sisi 747. Ukichukua bodaboda sita za sisi 125, jumla yake inaizidi injini ya gari lile zima.

Lakini udogo usikudanganye. Gari likiwa jepesi, injini ndogo inatosha kukutoa jasho. Na Ulster lilikuwa na tabia zake. Breki zilikuwa za waya, siyo za mafuta kama tulizozoea. Ukikanyaga, waya zinavutana, na zikiwa hazijasawazishwa, gurudumu moja linashika huku jingine likiendelea na safari zake. Krankshafti ilishikiliwa na beringi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, hivyo injini ikizungushwa kwa kasi kubwa, chuma cha katikati kinataka kupinda.

Gari la namna hiyo halifungwi na mtu mwenye haraka.

Baba na mwana wakaanza kazi. Mchana dogo yuko shule, akitoka anaingia gereji. Vyuma vikaoshwa, vikapangwa, vikapimwa kimoja kimoja. Kipi kinafaa, kipi kimechoka, kipi kitengenezwe upya. Kazi hiyo ilichukua karibu mwaka mzima.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka mzima kwa mtoto wa umri ule ni mrefu. Wenzake walikuwa viwanjani na raga yao. Yeye mguu ulikuwa umemnyima uwanja, lakini pale gerejini hakuna aliyemuuliza kuhusu mguu. Gari halijali kama anayelifunga anachechemea. Linajali kama nati imekazwa au haijakazwa.

Na mwalimu wake alikuwa baba yake. Bruce alijifunza uhandisi akiwa amelala chini ya gari, kabla hajakaa darasani chuoni. Alijifunza kuwa kila kelele ina sababu, na kuwa mkono wa fundi mzoefu unajua mambo ambayo kitabu hakiyaandiki.

MZEE AGOMA

Siku ikafika, gari likawaka. Mzee Les akalitoa barabarani kulijaribu yeye mwenyewe, kama ilivyo haki ya mwenye mali.

Alirudi amekunja uso. Aliona gari lile ni la hatari. Halishiki barabara inavyotakiwa, na breki zake hazikumpa amani hata kidogo. Kumbuka huyu ni mtu aliyewahi kushindana kwenye pikipiki, siyo mwoga wa mwendo. Uamuzi wake ukawa ni ule wa mwanzo, kwamba gari liuzwe.

Jiweke kwenye nafasi yake. Una mtoto mmoja wa kiume. Umemuuguza miaka miwili, umemtoa kitandani kwa taabu. Sasa mtoto huyo huyo anakuangalia, anataka umwachie gari ambalo wewe mwenyewe limekutisha. Mzazi gani hapo anasema ndiyo?

Bruce akabembeleza. Hakutaka kusikia habari ya kuuza. Mwisho mzee akalegeza kamba, lakini dogo akaanzia nyumbani. Uani nyuma ya nyumba kulikuwa na miti ya matunda. Bruce akaifanya miti ile kuwa uwanja wake wa mazoezi, akatengeneza njia yenye umbo la namba nane na kuizunguka, mara nyingi hadi akazijua tabia zote za lile gari.

Namba nane ni zoezi la maana kuliko linavyoonekana. Unakata kona ya kulia, kabla hujakaa sawa unakata ya kushoto. Huwezi kuficha udhaifu. Ni kama winga anayelazimishwa kucheza kwa mguu asioupenda mpaka aache kuogopa.

New Zealand ya wakati ule leseni ilipatikana ukiwa na miaka 15. Mashindano yake ya kwanza yalikuwa ya kupanda kilima pale Muriwai, pwani ya magharibi ya Auckland. Gari moja moja linapanda, saa inahesabu. Dogo mwenye mguu mfupi, ndani ya mkweche uliofungwa gerejini kwao, akashinda daraja la magari madogo.

Mzee Les hakuliuza tena lile gari kwa faida ile aliyoipanga.

KUTOKA UANI HADI ULAYA

Kwenye mashindano hayo ya mtaani Bruce alizoeana na kijana mwingine wa Auckland mwenye Austin yake, Phil Kerr. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Kutoka Ulster, Bruce akapanda ngazi moja moja. Akaendesha gari la Austin-Healey la baba yake, kisha magari ya Cooper. Dereva maarufu wa Australia, Jack Brabham, alipokuja New Zealand kwa mashindano alikuwa akifikia kwa akina McLaren. Kwa hiyo mezani kwao, dogo alikuwa anakula na bingwa mtarajiwa wa dunia.

Mwaka 1958, waandaaji wa mashindano makubwa ya New Zealand walianzisha mpango wa kumpeleka dereva mmoja kijana Ulaya akajaribu bahati yake. Wa kwanza kuchaguliwa akawa Bruce. Akaacha masomo ya uhandisi, akapanda kwenda Uingereza akiwa na umri wa miaka 20.

Mwaka huo huo, kwenye German Grand Prix pale Nürburgring, magari ya daraja la pili yaliruhusiwa kukimbia pamoja na makubwa. Njia ile ilikuwa na zaidi ya kilomita 22 kwa mzunguko mmoja, kona juu ya kona ndani ya msitu. Bruce akiwa na Cooper ndogo ya daraja la pili alimaliza wa tano kwa jumla, na wa kwanza kwenye daraja lake. Ulaya ikauliza huyu ni nani.

Mwaka 1959 Cooper wakampa namba kwenye kikosi cha kwanza, pembeni ya Brabham. Desemba 12 mwaka huo, Sebring nchini Marekani, Brabham alikuwa anaongoza hadi mzunguko wa mwisho. Mafuta yakamwishia mita mia kadhaa kabla ya mstari. Bruce aliyekuwa nyuma yake alipunguza mwendo kumwangalia mkubwa wake, kisha akaendelea na kushinda kwa tofauti ya sekunde 0.6 tu dhidi ya Maurice Trintignant. Brabham alilisukuma gari lake kwa mikono hadi mstarini, akawa wa nne na bingwa wa dunia.

Bruce alikuwa na miaka 22 na siku 104. Rekodi yake ya kuwa kijana mdogo zaidi kushinda mbio za Grand Prix zenye mfumo wa Formula One ilidumu hadi mwaka 2003, alipokuja Fernando Alonso na kuivunja Hungary. Miaka 43!

Mwaka 1960 alishinda Argentina na kumaliza msimu akiwa wa pili duniani. Mwaka 1962 akashinda Monaco.

GEREJI NYINGINE

Staa wa kawaida angetosheka. Kwenye soka tunawajua, mtu akishapata namba na mshahara, basi. Lakini Bruce alikuwa mtoto wa gereji. Hakuridhika kuendesha gari lililofungwa na wengine.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya mashindano. Karakana yake ya kwanza pale New Malden, nje ya London, ilikuwa banda lenye sakafu ya udongo, na ndani ya banda hilo aligawana nafasi na mtambo wa kuchonga barabara. Ukiangalia vizuri, alikuwa amerudi Remuera. Watu wachache, spana mkononi, kazi hadi usiku, na bosi mwenyewe amechafuka grisi kama wengine.

Msiba ukaja mapema. Februari 1964, dereva mwenzake kijana wa Kimarekani, Timmy Mayer, alikufa kwenye mazoezi ya mbio za Longford, Tasmania. Bruce aliandika salamu za kumuaga, na wazo lake lilikuwa kwamba maisha ya mtu yasipimwe kwa wingi wa miaka peke yake, bali kwa yale aliyoyafanya. Kaka wa marehemu, Teddy Mayer, akabaki na kuwa nguzo ya timu.

Waliofanya kazi na Bruce walimsifu kwa jambo moja kubwa. Hakuwa dereva mwenye kasi kuliko wote wa zama zake, lakini alijua kulisikiliza gari. Akizunguka mara kadhaa, anarudi na kuwaambia mafundi ni wapi pa kugusa. Hilo halikutoka chuoni. Lilitoka kwenye namba nane ya uani.

Mwaka 1966 alishinda Saa 24 za Le Mans akiwa na Chris Amon, raia mwenzake, kwenye gari la Ford GT40. Ford walitaka magari yao mawili yamalize sare. Waamuzi wakasema lile la Bruce lilianzia nyuma zaidi kwenye mstari wa kuondokea, hivyo limekimbia umbali mrefu kidogo, ndilo bingwa. Hebu fikiria VAR ya aina hiyo baada ya saa 24.

Mwaka huo huo gari lenye jina la McLaren likaanza kukimbia Formula One pale Monaco. Ushindi wa kwanza ulikuja Juni 1968 huko Spa, Ubelgiji, na dereva akiwa Bruce mwenyewe. Jackie Stewart aliyekuwa anaongoza aliishiwa mafuta kuelekea mwisho na kuingia kuongeza. Bruce alivuka mstari akidhani ni wa pili, akapewa habari njema baada ya kusimama.

Na kule Amerika Kaskazini, kwenye mashindano ya Can-Am, magari yake ya rangi ya papai yalikuwa hayashikiki. Bruce alichukua ubingwa mwaka 1967, Denny Hulme akachukua 1968, Bruce tena 1969. Msimu huo wa 1969 zilikimbiwa mbio 11 na McLaren walishinda zote 11. Sita za Bruce, tano za Hulme. Hiyo ni ligi bila kufungwa wala kutoka sare.

Na yule Phil Kerr wa Austin ya mtaani? Mwaka 1968 alijiunga na timu kama mmoja wa wakurugenzi.

JUNI 2, 1970

Kufikia 1970 Bruce alikuwa na mke, Pat, na binti wa miaka minne, Amanda. Alikuwa na mpango wa kutengeneza gari la barabarani lenye jina lake. La majaribio lilishakamilika, likiitwa M6GT, na alikuwa akilitumia mwenyewe kwenda kazini.

Jumanne, Juni 2, alikwenda Goodwood, Uingereza, kulijaribu gari jipya la Can-Am, M8D. Ilikuwa kazi ya kawaida aliyoifanya maelfu ya mara. Kwenye njia iliyonyooka, gari likiwa kwenye mwendo mkali, bodi ya nyuma ilichomoka. Bila bodi hiyo hakukuwa na kitu cha kuligandamiza gari chini. Likapoteza mwelekeo, likagonga kibanda cha waongozaji ambacho hakikuwa kikitumika. Bruce alifariki pale pale. Alikuwa na miaka 32.

Akarudishwa nyumbani Auckland na kuzikwa kwenye makaburi ya Waikumete.

Siwezi kuandika hapa yaliyopita kichwani mwa Mzee Les siku ile. Ila najua kila mzazi anayesoma ukurasa huu atajiuliza swali lile lile. Je, mzee angeshikilia msimamo wake wa kuliuza lile gari?

Angeliuza, pengine mwanaye angezeeka Remuera akiuza mafuta na kufunga magari ya watu. Pengine. Lakini mtoto aliyekuwa amefungwa kitandani miaka miwili hakubembeleza gari kwa sababu ya utoto. Alibembeleza kitu pekee ambacho mguu wake haukuwa umemnyima. Mzee aliliona hilo, akaogopa, na bado akamwachia.

TIMU HAIKUFA

Siku 12 baada ya kifo chake, timu ilikuwa Mosport, Kanada, kwenye mbio za kwanza za msimu. Hulme aliendesha huku mikono yake ikiwa na majeraha ya moto aliyoyapata Indianapolis mwezi Mei. Dan Gurney, aliyeitwa kuziba pengo, akashinda. Msimu ule wa mbio 10, McLaren walishinda 9, na Hulme akawa bingwa.

Mwaka 1974 wakachukua ubingwa wao wa kwanza wa dunia wa Formula One. Baadaye wakaja akina Niki Lauda, Alain Prost, Ayrton Senna, Mika Häkkinen na Lewis Hamilton. Mwaka 2024 timu ikatwaa tena ubingwa wa timu baada ya kuusubiri tangu 1998.

Makao yao makuu sasa yako Woking, Uingereza. Ni jengo la vioo mbele ya ziwa, safi kama hospitali. Ndani yamepangwa magari ya mabingwa, na kati ya mashine hizo zote kuna kigari kimoja chembamba, cha zamani, chenye breki za waya na injini ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa za leo.

Ni ile Austin 7 Ulster ya pauni 110.

Kwa hiyo Jumapili nyingine ukiyaona magari ya rangi ya papai kabla hujabadili chaneli, mkumbuke dogo wa Remuera. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto anayekusumbua umfungulie mlango wa kitu anachokipenda, iwe mpira, ngumi au spana, usikimbilie kusema hapana. Mwanzie uani, umwangalie anavyokata kona.